Namna ya Kukausha na Kupamba Kibuyu

Kibuyu ni chombo cha kale katika Kenya. Wakalenjini hugandisha maziwa ndani yake, Wakamba hutilia maji na nafaka, na Wamasai hukivika shanga. Siku hizi plastiki imechukua mahali pake katika nyumba nyingi, lakini kibuyu kilichopambwa vizuri bado kina wanunuzi. Hasara huwapata wale waharakishao, kwa kuwa tunda lililokatwa likiwa bichi husinyaa au kuoza, na kazi ya msimu mzima hupotea.

Mmumunye ni mmea utambaao, na maua yake meupe huchanua jioni. Tunda liachwe juu ya mmea mpaka kikonyo kikauke na kugeuka rangi ya hudhurungi. Hapo likatwe kwa kisu, kikonyo kikibaki juu yake. Kisha liwekwe penye kivuli na upepo, lisigusane na jingine, na ligeuzwe mara kwa mara. Ukungu juu ya ganda si dalili ya kuharibika. Bali tunda likilainika na kutoa maji, litupwe. Kukauka huchukua wiki kadhaa, au hata miezi kwa tunda kubwa. Dalili zake ni mbili: tunda huwa jepesi, na mbegu hulia ndani likitikiswa.

Likiisha kukauka, liloweshwe na ngozi ya nje ikwanguliwe. Kibuyu cha kutilia kitu hutobolewa shingoni, kikatiwa changarawe na maji, kikatikiswa hata nyama ya ndani itoke. Maji yabadilishwe kwa siku kadhaa mpaka uchungu uishe. Uchungu huo si wa kudharauliwa: ni sumu ya mmea wenyewe, na kupika hakuiondoi. Mumunye bichi likionjwa na kuwa chungu, lisiliwe kamwe.

Mapambo hufanywa kwa njia nyingi. Wengine huchora kwa ncha ya chuma kilichotiwa moto. Wengine huchanja kwa ncha ya kisu, kisha husugua masizi yaliyochanganywa na mafuta hata mistari ionekane nyeusi. Kauri na shanga hushonwa juu ya mkanda wa ngozi. Kibuyu kikipata ufa hushonwa kwa uzi imara, wala hakitupwi.

Mwisho, mbegu za tunda lenye umbo zuri zitengwe na kuwekwa pakavu. Umbo hutokana na mbegu, na aina isiyopandwa tena hupotea.