Tumsome Sauna Upya

Mwulize mwanafunzi yeyote aliyeisoma riwaya ya Chozi la Heri, yake Assumpta Matei, akutajie sifa za Sauna. Atakujibu bila kusita: katili, mnafiki, mwizi wa watoto. Majibu hayo ni sahihi, na mtahini atayapa alama zake. Hata hivyo, yana upungufu mmoja mkubwa: yanaianza hadithi ya msichana huyo mahali inapokaribia kuishia.

Kabla ya kuwaiba Dick na Mwaliko katika nyumba alimoajiriwa, Sauna alikuwa binti aliyenajisiwa na baba yake wa kambo. Mama yake alipogundua kuwa ana mimba, alimsaidia kuiavya, kisha akamtaka aifiche siri hiyo. Msichana akatoroka akiwa na majeraha mawili: la aliyemdhulumu na la aliyemnyamazisha. Je, ni ajabu kwamba baadaye aliishi na watoto waliomwamini, na imani yao isimguse? Waliokuwa karibu naye ndio waliomwangamiza. Hilo halimwondolei hatia, lakini linatufunulia chanzo.

Wengi waliopatwa na masaibu kama yake hawawi wahalifu kamwe. Wao huogopa tu. Kijana wa namna hiyo huweza kushtuka akiguswa bega, akauvunja urafiki pindi unapoanza kukolea, na akamchukia anayemwonea huruma. Sisi walimu humwita mwenye kiburi. Wahenga walinena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtoto aliyedhulumiwa na mgeni hujifunza kuwaogopa wageni. Aliyedhulumiwa na mtu wa nyumbani hujifunza kuogopa kupendwa. Wema wenyewe humtisha, kwa kuwa ndio uliotangulia madhara.

Wakazi wa Kilimani, jijini Nairobi, wamezoea kuta ndefu, malango ya chuma na mabawabu wanaoandika majina ya wageni. Ulinzi huo humzuia mwizi wa nje, ila haumgusi mwenye ufunguo. Kikulacho ki nguoni mwako. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2010 ulionyesha kuwa, miongoni mwa vijana wa miaka 18 hadi 24, wanawake 32 katika kila 100 na wanaume 18 katika kila 100 walidhulumiwa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Utafiti wa 2019 ulitoa idadi ya chini, takriban 16 na 6. Hata kwa hesabu hiyo ndogo, darasa la wasichana 50 lingeweza kuwa na wanane.

Basi mwalimu anapofundisha habari za Sauna, huenda mbele yake ameketi msichana anayemsikiliza kwa masikio mengine kabisa. Hatazami ubao, anapima maneno. Darasa likicheka, au mwalimu akisema kwamba msichana yule aliyataka mwenyewe, mlango umefungwa. Lakini akiuliza, "Mama mtu angefanya nini badala ya kunyamaza?" mwanafunzi huyo anaweza kujibu kwa niaba ya Sauna asiyoweza kuyasema kwa niaba yake mwenyewe. Huo ndio msaada mkubwa wa mhusika wa kubuni: humsitiri mwenye kidonda huku akimpa ulimi.

Siku akija kusema waziwazi, mwalimu asimhoji kama askari, wala asimwahidi siri asiyoweza kuitunza. Waraka nambari 3 wa 2010 wa Tume ya Huduma za Walimu humtaka mwalimu mwenye habari au shaka ya dhuluma hizo apige ripoti katika muda wa saa 24. Amweleze mtoto ukweli huo kwa upole, kabla hajamaliza kusimulia. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo. Hapo Hurlingham, katika hospitali ya Nairobi Women's, kituo cha kuwahudumia waathiriwa wa dhuluma za kijinsia kilianzishwa mwaka wa 2001.

Mama yake Sauna alidhani kwamba kimya kingeiokoa aibu ya nyumba yake. Kimya hicho kilimpoteza mtoto wake, kisha kikavamia nyumba ya watu wengine. Walimu wenzangu, mtihani hautatuuliza kama tulilitambua hilo. Mtoto aliyeketi nyuma ya darasa anatuuliza kila siku.