Matoleo ya Porsche 911 GT3

Matoleo ya Porsche 911 GT3 ni kundi la magari ya michezo yanayotengenezwa na kampuni ya Porsche ya Ujerumani kwa madereva wanaotaka gari moja la kuendesha barabarani na kwenye uwanja wa mbio. Yote yanatokana na Porsche 911 ya kawaida, lakini hutofautiana kwa bawa la nyuma, giaboksi, uzito, ugumu wa springi na bei. Yanayojulikana zaidi ni GT3 yenyewe, GT3 Touring na GT3 RS. Ndugu yao wa karibu ni GT2 RS yenye turbo.

Wanunuzi wengi hudhani kwamba toleo lenye nguvu zaidi au bawa kubwa zaidi ndilo bora kuliko mengine. Kwa kweli kila toleo limetengenezwa kwa matumizi yake, na faida za GT3 RS huonekana tu gari linapokwenda kasi kubwa.

Historia

Porsche 911 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Injini yake yenye silinda sita zilizolazwa pande mbili hukaa nyuma ya ekseli ya nyuma, na mpangilio huo umebaki hadi leo.

Mwaka 1972 Porsche ilitoa 911 Carrera RS 2.7. Herufi RS ni kifupi cha neno la Kijerumani Rennsport, yaani mchezo wa mbio za magari. Kanuni za mashindano zilidai kampuni iuze angalau magari 500 ya aina hiyo kwa umma kabla ya kuruhusiwa kushindana nayo, lakini yalitengenezwa zaidi ya 1,500. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Uswidi alishika nafasi ya pili katika Safari Rally nchini Kenya akiendesha Carrera RS.

GT3 ya kwanza ilitoka mwaka 1999 ikiwa na injini ya lita 3.6 na nguvu farasi 360. Injini hiyo ilitokana na ile ya 911 GT1, gari lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1998. GT3 RS ya kwanza ilifuata mwaka 2003.

GT3 ya kizazi cha 991 ilianza mwaka 2013 ikiwa na giaboksi ya kujiendesha tu, jambo ambalo wapenzi wengi wa gia za mkono hawakulipokea vizuri. Gia za mkono zilirudi kwenye GT3 mwaka 2017, pamoja na toleo la Touring. GT3 ya kizazi cha 992 ilitangazwa mwaka 2021, na GT3 RS yake mwaka 2022.

GT3

GT3 ya kizazi cha 992 ina injini ya lita 4.0 isiyo na turbo, yenye nguvu farasi 510 na uwezo wa kufikia mizunguko 9,000 kwa dakika. Mnunuzi huchagua kati ya gia sita za mkono na giaboksi ya PDK, ambayo ina gia saba na klachi mbili na hubadilisha gia yenyewe. Gari lina uzito wa kilogramu 1,418 likiwa na gia za mkono na 1,435 likiwa na PDK.

Kwa PDK hufika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.4, na kwa gia za mkono sekunde 3.9. Tofauti hiyo hutokana na kasi ya kubadilisha gia, kwa kuwa injini ni ileile. Anayehesabu muda wa kila mzunguko uwanjani hunufaika na PDK. Anayependa kukanyaga klachi na kuchagua gia mwenyewe hupoteza nusu sekunde tu.

GT3 Touring

Touring ina injini na shasi ya GT3, lakini haina bawa kubwa la kudumu. Badala yake kuna kibawa kidogo kinachoinuka chenyewe kasi inapoongezeka. Haivutii macho ya watu mjini, na dereva huona nyuma bila kizuizi. Katika kona za kasi uwanjani huwa na mgandamizo mdogo kuliko GT3 yenye bawa. Kuanzia toleo lililoboreshwa la mwaka 2024, Touring inaweza kuagizwa ikiwa na viti vya nyuma.

GT3 RS

GT3 RS ya mwaka 2022 ina nguvu farasi 525, yaani 15 tu zaidi ya GT3, na hupatikana kwa PDK pekee. Uzito wake ni kilogramu 1,450. Ingawa sehemu nyingi za bodi zimetengenezwa kwa nyuzi za kaboni, ni nzito kidogo kuliko GT3 kwa sababu ina matairi mapana zaidi na bawa kubwa zaidi. Kasi yake ya juu ni kilomita 296 kwa saa, wakati GT3 yenye PDK hufika 318.

Kinachoitofautisha ni jinsi inavyoutumia upepo. Bawa la nyuma limeinuka kupita paa la gari, na vibawa vya mbele hubadilisha pembe vyenyewe. Kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa, hewa huligandamiza gari chini kwa nguvu ya kilogramu 409, takriban mara tatu ya GT3. Kwa kilomita 285 kwa saa nguvu hiyo hufika kilogramu 860. Mgandamizo huo huyafanya matairi yashike lami vizuri zaidi, hivyo dereva anaweza kupita kona kwa kasi kubwa na kuchelewa kufunga breki. Kwenye sehemu iliyonyooka anaweza kubonyeza kitufe cha kulaza bawa ili kupunguza ukinzani wa hewa.

Faida hiyo ina gharama yake. Rejeta moja kubwa imewekwa mbele, mahali ambapo katika GT3 pana nafasi ya mizigo. Kwa kuwa injini iko nyuma, gari halibaki na buti ya kuwekea begi.

GT2 RS

GT2 RS ya mwaka 2017, ya kizazi cha 991, ina injini ya lita 3.8 yenye turbo mbili na nguvu farasi 700 zinazoendesha magurudumu ya nyuma tu. Kasi yake ya juu ni kilomita 340 kwa saa. Nguvu nyingi huja kwa mkupuo, hivyo inahitaji dereva mzoefu, hasa lami ikiwa imelowa.

Kulinganisha muda wa uwanjani

Porsche hupima magari yake kwenye uwanja wa Nürburgring nchini Ujerumani. Anayesoma takwimu hizo azingatie urefu wa mzunguko, kwa kuwa zamani walipima kilomita 20.6 na baadaye wakaanza kutumia mzunguko kamili wa kilomita 20.8.

Kwenye mzunguko kamili, GT3 ya 992 ilitumia dakika 6 na sekunde 59.927. GT3 RS ilitumia dakika 6 na sekunde 49.328, pungufu ya takriban sekunde 10.6. Kwenye kilomita 20.6, GT2 RS ilitumia dakika 6 na sekunde 47.3 mwaka 2017, na GT3 RS ikatumia dakika 6 na sekunde 44.848 miaka mitano baadaye. Gari lenye nguvu farasi 525 lilikuwa na muda bora kuliko lenye 700, na mgandamizo wa hewa ulichangia sana.

Nguvu hiyo, hata hivyo, hukua kwa mraba wa kasi. Kasi ikipungua kwa nusu, mgandamizo hubaki robo. Kwa hesabu hiyo, kilogramu 409 za GT3 RS huwa kama 100 tu kwa kilomita 100 kwa saa, na kama 25 kwa kilomita 50. Katika barabara za kawaida, ndani ya sheria, bawa karibu halifanyi kazi, lakini ugumu wa springi na ukosefu wa buti huhisiwa kila siku.

Mambo ya kuzingatia katika kuchagua

* Matumizi: Anayekwenda uwanjani mara chache kwa mwaka na kusafiri na gari hilo hilo hufaidika zaidi na GT3. Asiyekwenda uwanjani kabisa hutosheka na Touring. GT3 RS humfaa anayekwenda mara kwa mara kwenye viwanja vyenye kona za kasi.
* Bei: Nchini Ujerumani GT3 ya 992 ilianza kuuzwa kwa euro 170,969 na GT3 RS kwa euro 229,517. Tofauti ya karibu euro 58,500 inaweza kulipia matairi, breki, ada za uwanja na mwalimu kwa muda mrefu. Kwa dereva asiye na uzoefu, mafunzo huongeza kasi kuliko bawa.
* Matairi: Matairi ya uwanjani, kama Michelin Pilot Sport Cup 2 R, hushika sana yakiwa na joto kwenye lami kavu. Kwenye baridi au mvua huteleza kwa urahisi zaidi, na huisha haraka.
* Barabara: Bampa ya mbele iko karibu na ardhi. Kwenye matuta au lango lenye mwinuko, kifaa cha kuinua ekseli ya mbele, ambacho hulipiwa zaidi, ni cha lazima.
* Bima: Bima nyingi za kawaida hazilipi ajali inayotokea uwanjani. Mnunuzi asome mkataba wake kabla ya kwenda.

Magari yaliyotumika

Mtu anayenunua GT3 iliyotumika huangalia kwanza kompyuta ya injini, ambayo huhifadhi rekodi za injini kuzungushwa kupita kiwango. Kwenye gia za mkono kosa hilo hutokea dereva anaposhuka gia akiwa bado kwenye kasi kubwa, na linaweza kuharibu injini. Kwa GT3 za kwanza za kizazi cha 991 huulizwa pia kama injini ilibadilishwa. Mwaka 2014 Porsche iliyarudisha magari 785 na kuyawekea injini mpya, baada ya baadhi kushika moto kutokana na skrubu za konrodi zilizolegea. Gari lililotumika uwanjani si lazima liwe baya. Lenye kumbukumbu kamili za matengenezo, yaani oili, breki na matairi, huaminika kuliko lililoegeshwa miaka mingi bila huduma.