Juzuu ya Kwanza Ndiyo Rahisi

Muuza vitabu akikutajia bei ya riwaya ya mfululizo, amekutajia bei ya juzuu ya kwanza tu. Zilizobaki utazijua ukishanogewa. Kwa msomaji wa Musoma, Bunda au Butiama, ambaye kitabu humfikia kwa basi kutoka Mwanza au Dar es Salaam na kila kifurushi kina nauli yake, hapo ndipo pesa inapovuja. Kwa hiyo riwaya za wanyonya damu wanaoishi karne hadi karne nimezipima kwa swali la mfukoni: ukinunua moja, utalazimika kununua ngapi?

Cha kuanzia hakina bei. Dracula ya Bram Stoker, iliyotoka mwaka 1897, haina tena hakimiliki, na Project Gutenberg wameiweka bure mtandaoni, namba 345. Sura zote 27, kwa maandishi matupu, hazifiki MB 1. Hata simu yenye kioo kilichopasuka inazibeba. Ukitaka kusomewa, LibriVox nao hawatozi kitu, ila hapo bando ndilo litakalolipa: sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula karibu MB 29 kwa saa, na kitabu hiki kinapita saa kumi. Pakua penye Wi-Fi ya mtu. Hadithi yenyewe imeandikwa kwa shajara, barua na telegramu, basi unaweza kumaliza kipande ukingoja gari lijae. Tahadhari moja: sura ya 6 ina mzee wa Whitby anayezungumza lahaja ngumu mno. Mruke, hutapoteza kitu.

Ukishanogewa, njia zinagawanyika. Anne Rice alianza na Interview with the Vampire mwaka 1976: Louis, mwenye shamba la watumwa Louisiana, anageuzwa mnyonya damu mwaka 1791, na watumwa wake wanamshtukia mapema kuliko majirani zake. Filamu ya 1994 ya Tom Cruise na Brad Pitt ilikitangaza kitabu hiki dunia nzima, hivyo ndicho chenye nafasi nzuri ya kukutwa kwenye vitabu vya mtumba. Kinajitosheleza. Lakini The Vampire Lestat (1985) inakatikia pabaya, na jibu limewekwa kwenye The Queen of the Damned (1988), inayorudi hadi Misri ya kale. Mfululizo mzima una juzuu 13. Nunua cha kwanza peke yake, au tenga pesa ya vitatu kwa mpigo. Kununua viwili ni hasara.

Chelsea Quinn Yarbro ndiye ninayemtetea zaidi, japo kwetu jina lake halijavuma. Mfululizo wake wa Saint-Germain una vitabu zaidi ya 20, idadi ya kutisha, ila kila kimoja kinaanza na kuisha chenyewe. Hotel Transylvania (1978) ni Paris ya mwaka 1743. The Palace ni Florence ya Lorenzo de' Medici na Savonarola. Blood Games (1980) ni Roma ya Nero. Unachagua zama unazozipenda, unasoma, unaishia hapo bila deni. Tena mnyonya damu wake ni muungwana. Wanaotisha ni watawala, makasisi na majeshi. Kasoro yake ni upatikanaji: cha karatasi mara nyingi kitaagizwa nje, na gharama ya kukisafirisha inaweza kupita bei ya kitabu. Huyu mchukue kwa nakala ya simu.

Kuna na wa kwetu, mumiani. Luise White aliuchunguza uvumi juu yake wa enzi za ukoloni katika Speaking with Vampires (2000). Mumiani hakufufuka kaburini. Alisemwa kuwa mtu hai mwenye ajira, gari na vifaa, na mwaka 1947 umati ulivamia kituo cha zimamoto Mombasa kwa tuhuma za kunyonya watu damu. Si riwaya, na bei yake ni ya vitabu vya chuo kikuu. Ulizia maktaba ya mkoa kabla ya kufungua pochi.

Asiyetaka Kiingereza atamkosa mnyonya damu, lakini zama za kale hatazikosa: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ng'ambo tu ya maji kutoka Bunda. Tanzania Publishing House waliichapa mwaka 1980, juzuu mbili, na waganga wamo wa kutosha. Mzungumzaji wa Kijita atatambua mengi humo bila mkalimani. Ukiiona juzuu ya kwanza peke yake, ichukue tu. Ya pili uliza kwa walimu wastaafu.

Kwa Rice wa karatasi, chezeni upatu. Wasomaji watatu, kila mmoja anunue juzuu moja, vitabu vije kwa kifurushi kimoja, kisha vizunguke. Kubalianeni mapema nani atabaki na kipi, na kwamba atakayepoteza atalipa kitabu pamoja na nauli.