Kisu Hakisambazi Saratani ya Ubongo

"Daktari, tukikubali mtoto apasuliwe kichwa, si kansa itapata hewa isambae?" Nimeulizwa hivyo na baba wa Mutomo, na shangazi wa Kibwezi, hata na mwalimu wa sayansi. Nimejibu kwa upole miaka mingi. Sasa naandika, kwa sababu kila wiki wazee wa ukoo wanapokalia kikao kuhusu swali hili, uvimbe unazidi kukua.

Hewa hailishi saratani. Uvimbe ulio ndani ya ubongo hupata oksijeni usiku na mchana kupitia damu, sawa na kiungo kingine chochote cha mwili. Hausubiri daktari afungue fuvu ndipo uvute pumzi. Tena saratani nyingi za ubongo wa mtoto hazitoki kabisa nje ya kichwa na uti wa mgongo. Ipo moja, meduloblastoma, ambayo seli zake huweza kuelea katika maji ya ubongo na kushuka mgongoni. Hiyo hushuka yenyewe. Ndiyo maana tunataka picha ya mgongo kabla ya upasuaji, na wapo watoto tunaokuta imeshashuka kabla wembe haujagusa hata nywele zao.

Imani hii imezaliwa na kuchelewa. Mtoto anaanza kutapika Januari. Anatibiwa minyoo, kisha taifodi, kisha taifodi tena kwa kipimo cha Widal, ambacho peke yake hakitoshi kuthibitisha ugonjwa huo. Machi anapelekwa kwa mtu wa kumchanja chale kwenye paji la uso na kumpaka unga mweusi, eti jirani amemroga. Juni anafika Nairobi haoni vizuri na hawezi kuketi. Anapasuliwa, anafariki, na kijiji kizima kinakumbuka jambo moja tu: alipasuliwa. Ile miezi mitano hakuna anayeitaja, na aliyechanja chale hakuna anayemuuliza kitu.

Waliopona nao hawatajwi. Kuna uvimbe uitwao astrositoma ya pilositiki, ambao mara nyingi huota kwenye serebela, nyuma ya ubongo. Ukitolewa wote, kwa kawaida mtoto hahitaji kemo wala miale. Kisu chenyewe ndicho tiba, na katika nchi zenye huduma kamili zaidi ya watoto 9 kati ya 10 huishi. Huo ndio upasuaji ambao familia zinaukimbia.

Kuna na suala la deksamethasoni, dawa tunayompa mtoto kabla ya upasuaji. Baada ya siku chache anaacha kutapika, anaomba chakula, anacheka. Hapo ndipo jamaa wanaposema mitishamba imefanya kazi, wanadai aruhusiwe kwenda nyumbani. Hajapona! Uvimbe ni ule ule, kilichopungua ni maji yaliyojaa kwenye ubongo kuuzunguka. Anayetaka kuomba aombe, nami nitaitikia amina, lakini tuombee wodini.

Dalili hizi zisikupite. Kichwa kinauma alfajiri, mtoto anatapika bila kuhara wala homa, kisha saa nne anakunywa uji na kutoka kucheza, kwa kuwa shinikizo la kichwani hupanda akiwa amelala na kupungua akisimama. Mwambie atembee juu ya mstari uliochorwa mchangani, kisigino kikigusa vidole: anayumba? Kikombe kinamwagika mkononi? Mwandiko umeharibika muhula huu? Shingo inapinda upande mmoja, makengeza yameanza ghafla? Kwa mtoto mchanga, muuguzi wa kliniki apime mzunguko wa kichwa kwa utepe. Uingereza ilianza mwaka 2011 kampeni ya HeadSmart kuwafundisha wazazi na madaktari dalili za namna hii. Kufikia 2013, muda wa kati tangu dalili ya kwanza hadi ugonjwa kugunduliwa ulikuwa chini ya wiki 7. Mwaka 2006 ulikuwa zaidi ya wiki 14.

Sasa ya kufanya. Nenda hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitui mjini au Wote, utamke wazi: "Nataka kichwa kichunguzwe." Omba picha ya CT na barua ya rufaa, kisha ondoka na picha zenyewe mkononi. Andikisha nyumba yote kwenye bima ya afya ya SHA mapema, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kikiwepo, na mchango usikatike. Upasuaji na miale utavipata Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Miale hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa takriban wiki 6, kwa hiyo tafuta pa kulala Nairobi kabla hujasafiri, na mweleze afisa wa ustawi wa jamii hospitalini hali yako siku ya kwanza, usingoje bili. Majirani wanaotaka kusaidia walipe nauli, wachunge mbuzi, wawalishe watoto waliobaki nyumbani. Mwalimu amkalishe mtoto mbele akirudi, maana matibabu huweza kupunguza usikivu na kasi ya kujifunza. Na mtoto aliyewekewa mrija wa kutoa maji kichwani akianza tena kutapika au kusinzia kupita kiasi, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke hospitali usiku huo huo.