Namba ya Watu wa Rwanda

Wanafunzi wenzangu, nanyi wakubwa mliotutangulia shuleni hapa, katika sensa ya Agosti 2022 watu wa Rwanda walihesabiwa wakapatikana 13,246,394. Namba hiyo watu huisoma mara moja wakaiacha. Mimi nimeipasua kama mtu apasuavyo kuni, niyaone yaliyomo.

Inaishia kwa 4, basi ni shufwa, na nusu yake ni 6,623,197. Hiyo kwa 3 haigawanyiki, maana tarakimu zake zikijumlishwa ni 34. Kwa 5 haiwezekani. Kwa 7 inagawanyika sawasawa, tunapata 946,171. Hapo ndipo penye kazi! 7 iligoma, 11 ikagoma, na namba tasa zote mpaka 59 zikaacha baki. Mvivu angesema hii nayo ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Lakini huna ruhusa ya kusema hivyo kabla hujafika kwenye kipeuo cha pili, ambacho hapa ni 972 na kidogo. Kwa kuwa vigawanyo huenda viwili viwili, na haviwezi kukizidi kipeuo vyote viwili. Nikasogea hatua moja tu, kwenye 61, mlango ukafunguka: 61 mara 15,511. Na hii ya mwisho ni tasa kweli. Nimeijaribu mpaka 113, inatosha.

Basi 13,246,394 = 2 × 7 × 61 × 15,511. Vigawanyo vyake ni 16. Ukiiacha yenyewe na kujumlisha 15 vilivyobaki, utapata 9,835,462, wala haifikii. Namba ya namna hiyo Wagiriki wa kale waliiita pungufu. 6 ni kamilifu, maana 1 + 2 + 3 ni 6. Upungufu huo si wa nchi! Akizaliwa mtoto mmoja tu, namba inagawanyika kwa 3 na kwa 5, na vigawanyo vyote vya kwanza vimekwenda zao isipokuwa 1.

Kigali yetu ilikuwa na watu 1,745,555, yaani 5 × 7 × 53 × 941. Tena 7! Wapenda bahati wasifurahi: katika kila namba saba zinazofuatana, moja hugawanyika kwa 7.

Lenye faida zaidi ni baki ya 9. Wanaume walikuwa 6,429,326. Tarakimu zake ni 32, ukigawa kwa 9 inabaki 5. Wanawake 6,817,068, tarakimu ni 36, haibaki kitu. Jumla yao lazima ibakize 5, na ndivyo ilivyo. Karani akikosea akaandika 13,246,384, itabaki 4, naye atakamatwa papo hapo. Lakini akipindua tarakimu mbili, akaandika 13,264,394, baki ni ile ile 5. Hapo hana budi kujumlisha upya.