GARI LA CHAMA LINAPOGOMA: UCHUNGUZI KABLA YA KUNUNUA KIPURI

Gari la chama ni mali ya wanachama wote. Linaposimama njiani kati ya Chamazi na Mbagala Rangi Tatu likiwa na magunia ya muhogo mbichi, hasara huanza siku ile ile, kwani muhogo uliokwisha kung'olewa huanza kuharibika katika muda wa siku mbili au tatu. Haraka hiyo ndiyo inayozaa hasara ya pili: fedha za chama kutolewa kununua kipuri ambacho gari halikukihitaji.

Wazee wa ushirika wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipokuwa adimu na magari mengi nchini yakasimama kwa kukosa kipuri kidogo tu. Siku hizi maduka ya Kariakoo na Ilala yamejaa vipuri vya kila namna. Taabu imegeuka sura: kipuri hununuliwa kabla ya ugonjwa kujulikana. Hivyo basi inafaa kila dereva wa chama, na katibu anayeidhinisha malipo, ajue utaratibu wa uchunguzi ambao haugharimu chochote.

Gari haliwaki

Ufunguo unapozungushwa, sikio ndilo kipimo cha kwanza. Stata ikilia ta-ta-ta bila kuzungusha injini, na taa zikafifia, umeme ni hafifu. Aghalabu watu hukimbilia kununua betri. Kwanza yatazamwe maungio ya nyaya juu ya betri. Yakiwa yamelegea, au yana ukoga mweupe au wa kijani, umeme haupiti sawasawa hata kama betri ni nzima. Injini ikiwa imezimwa, waya wa hasi hufunguliwa kwanza na hurudishwa mwisho. Maungio huoshwa kwa maji ya vuguvugu yenye magadi, bila kuyaacha yaingie ndani ya betri. Kisha hukaushwa, hukazwa na kupakwa grisi. Sigara na moto viwe mbali, kwa sababu betri hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Betri ya volti 12 iliyojaa, gari likiwa limepumzika, huonyesha takriban volti 12.6. Injini ikiwa inaunguruma, kwa magari mengi kipimo hupanda hadi karibu volti 14. Kisipopanda, huenda mkanda unateleza au alteneta haichaji. Betri mpya ikiwekwa katika hali hiyo, nayo itaishiwa umeme upesi, na chama kitakuwa kimelipa bure.

Stata ikizungusha kwa nguvu lakini injini isishike moto, betri haina kosa. Sababu itafutwe kwenye mafuta, na kwa injini ya petroli, kwenye plagi na nyaya zake pia. Gari la dizeli lililoishiwa mafuta huingiza hewa katika mabomba, na kujaza tangi peke yake hakutoshi. Katika injini za zamani, skrubu ya kutolea hewa iliyo kwenye chujio la dizeli hulegezwa, pampu ya mkono husukumwa hadi dizeli itoke bila mapovu, kisha skrubu hukazwa. Katika injini mpya zinazoongozwa kwa kompyuta, mabomba yanayokwenda kwenye nozeli yasifunguliwe kamwe: dizeli iliyomo ina mgandamizo mkubwa unaoweza kutoboa ngozi.

Injini inachemsha

Mshale wa joto ukipanda kupita kiasi, gari lisimamishwe na injini izimwe. Mfuniko wa rejeta usiguswe mpaka injini ipoe, jambo linaloweza kuchukua nusu saa au zaidi. Maji yaliyofungiwa humo yana joto linalozidi lile la maji yanayochemka sufuriani, na mfuniko ukifunguliwa huruka na kumbabua mtu uso. Vilevile maji baridi yasimiminwe katika injini ya moto, kwani yanaweza kuipasua silinda hedi.

Injini ikipoa, yatazamwe mambo manne: kiasi cha maji, mipira ya rejeta, mkanda wa feni, na nafasi za hewa za rejeta, ambazo huzibwa na vumbi, nyasi na wadudu. Ni desturi mbaya kuondoa thamostati ili gari lisichemshe. Bila kifaa hicho injini hukawia kufikia joto lake, hula mafuta zaidi na huchakaa upesi, huku chanzo cha tatizo kikibaki pale pale. Oili ikigeuka rangi ikafanana na chai ya maziwa, maji yamekwisha kuingia ndani. Gari livutwe, lisiendeshwe.

Mambo ya kuachiwa fundi

Breki na usukani si mambo ya kubahatisha. Mafuta ya breki yakipungua, ama yanavuja ama vitambaa vimekwisha. Kuongeza tu ni kuuficha ugonjwa. Oili ya injini isitiwe kamwe mahali pa mafuta ya breki, kwani huharibu mipira yake na breki hushindwa kushika. Hali kadhalika mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, hasa penye mchanga, ambapo jeki huzama.

Daftari la gari

Uchunguzi usioandikwa haukisaidii chama. Katibu afungue daftari lenye tarehe, kilomita, dalili iliyoonekana, kilichochunguzwa, kilichonunuliwa na namba ya stakabadhi. Kipuri kibovu kirudishwe ofisini kabla ya malipo ya kipuri kipya kuidhinishwa.

Utaratibu huu humlinda dereva kama unavyoilinda fedha ya chama. Pasipo daftari, betri mbili zikinunuliwa katika mwaka mmoja, wanachama hunong'onezana kwamba dereva ameuza moja. Penye daftari, mkutano mkuu husomewa kwamba betri ya kwanza iliharibika kwa sababu alteneta haikuwa ikichaji, na kwamba alteneta hiyo imekwisha kutengenezwa. Mwanachama aliyepakia muhogo wake katika gari hilo ana haki ya kupata jibu la namna hiyo.