Hatari ya corona ilikuwa matangani kuliko jenezani

MNAMO Juni 17, 2021, serikali ilizitaja kaunti 13 za magharibi mwa Kenya, Homa Bay na Migori zikiwemo, kuwa kitovu kipya cha maambukizi ya corona. Kafyu ilianza saa moja jioni, maziko yakatakiwa kufanywa katika muda wa saa 72, na waombolezaji wasizidi 50.

Amri hiyo ilikuwa mzigo mzito kwa jamii zinazowarudisha wafu wao nyumbani hata kutoka Nairobi au Mombasa, zikakesha nao na kuwangoja jamaa wa mbali. Tayari hofu ilikuwa imetanda. Aprili 2020, katika Kaunti ya Siaya, marehemu mmoja alizikwa usiku bila jeneza, na wengi wakaamini kwamba maiti yenyewe ndiyo sumu.

Maiti, hata hivyo, haipumui wala haikohoi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2020 uliwaruhusu jamaa kumtazama marehemu, mradi wasimguse wala kumbusu. Hatari kubwa ilikuwa kwa walio hai, waliosongamana hemani wakilia bega kwa bega.

Penye kuhitaji tahadhari kubwa zaidi ni chumba cha upasuaji wa maiti. Mapafu yanaweza kubaki na virusi hai, na msumeno wa kukatia mifupa hurusha chembechembe hewani. Kwa hivyo wapasuaji huwa wachache, chumba hupitisha hewa vyema, nao huvaa glavu, miwani, aproni isiyopenya maji na barakoa ya N95.

Kwa nini basi kupasua? Kwa sababu mfu humfunza aliye hai. Upasuaji katika nchi mbalimbali ulionyesha mapafu mazito, vifuko vya hewa vilivyoharibika na damu iliyoganda katika mishipa midogo.

Jijini Lusaka, Zambia, kati ya Juni na Septemba 2020, watafiti walipima maiti 364 na kupata virusi katika 70. Kati ya hao, 51 walifia nje ya hospitali, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amepimwa akiwa hai. Anayezikwa bila kupimwa hahesabiwi.

Lakini magonjwa hayafanani. Maiti ya Ebola, maradhi yaliyozuka nchini Uganda mwaka 2022 na 2025, huambukiza vikali kwa kuguswa. Kabla ya kumwosha marehemu, familia na iwaulize maafisa wa afya: ameuawa na nini?